Mkia wa Klorini

Mkufunzi Kornelio alipoketi dawati la nyuma kabisa la kidato cha pili, magoti yamebanwa chini ya meza ya watoto, Consolata alijua siku yake imefika. Mara ya kwanza alipokuja kumkagua, mkufunzi huyo alimwandikia sentensi moja tu: "Unafundisha ubao, hufundishi watoto." Leo ilikuwa mara ya pili na ya mwisho. Akifeli, anarudi chuoni kurudia mwaka mzima.

Alikuwa Kilwa Kivinje kwa mazoezi ya kufundisha, wiki ya saba hiyo, yeye mtoto wa Nyangamara aliyekulia kwenye mikorosho. Mada ya siku ilikuwa majina na fomula za kampaundi za ioni: sodiamu ikikutana na klorini, tunaiitaje na tunaiandikaje. Si mada ngumu, ila ni kavu kama makopa. Kwa hiyo alikuwa ameiandalia mfano, na mfano huo aliupenda mno.

"Chukulieni ni ndoa," alianza. "Metali ndiye mume. Anatajwa kwanza, anaandikwa kwanza, na jina lake halibadiliki. Klorini ndiye mke. Akiolewa, mkia wa jina lake unabadilika. Si klorini tena, ni kloraidi. Sodiamu kloraidi, chumvi ya kupikia hiyo."

Akaandika NaCl, watoto wakaandika. Akaja kwa magnesiamu, mwenye elektroni mbili za kutoa wakati kila klorini inapokea moja tu. Kwa hiyo magnesiamu anataka klorini mbili, na ile mbili ndogo inakaa chini, mguuni pa klorini: MgCl₂. Mume mmoja, wake wawili. Darasa, karibu lote watoto wa Kiislamu, halikuona ajabu yoyote. Alipofika kwa alumini mwenye klorini tatu, Maftaha wa dirishani akasema, "Bado nafasi moja!" Watoto wakaangua kicheko, na hata mkufunzi aliinamisha uso kuficha tabasamu. Consolata akaanza kujipongeza moyoni, jambo ambalo mwalimu hapaswi kulifanya kabla kengele haijagongwa.

Maana hapo ndipo Somoe aliponyoosha mkono. Somoe alikuwa binti mdogo wa umbo, mbishi kupita kiasi, asiyekubali jambo mpaka aligeuze upande wa pili.

"Mwalimu, huku kwetu mke habadili jina. Mama yangu kaolewa miaka ishirini, na ni Binti Yassini mpaka kesho. Sasa klorini anabadili kwa nini?"

Kwao Consolata, mama yake alipofunga ndoa kanisani alichukua jina la mumewe, na yeye mwenyewe alipoolewa na Jerome akafuata njia hiyohiyo. Haikumpitikia hata siku moja kwamba atasimama mbele ya darasa zima lisiloijua ndoa ya namna hiyo. Mfano ukamfia mkononi. Kule nyuma kalamu ya Kornelio ikaanza kutembea.

"Wewe Somoe," akasema, ili tu apate muda, "unadhani kwa nini?"

Somoe akafikiri. "Huku mwanamke anabadili jina akizaa. Jana ni Somoe, leo kapata mtoto, ni Mama Fulani. Labda na klorini kapewa kitu."

"Kapewa nini?" Consolata alishasahau andalio lake la somo. "Nani ataniambia?"

"Elektroni!" darasa likaitika.

"Basi ndiyo hivyo! Nilikosea, harusi haina kazi hapa. Aliyepokea elektroni ndiye anayebadili mkia. Oksijeni akipokea?"

"Oksaidi!"

"Na salfa, ile inayopuliziwa mikorosho?"

"Salfaidi!"

"Na aliyetoa?"

"Jina lilelile!"

"Kama baba," akasema Maftaha. "Ana watoto kumi na mmoja na mtaani bado wanamwita Ismaili."

Wakacheka tena, na safari hii Consolata alicheka nao. Akawaingiza kwenye chuma, asiye na msimamo, hapa anatoa elektroni mbili, pale anatoa tatu, kwa hiyo ni lazima umtaje kwa namba ya Kirumi katoa ngapi. Aliwaachia waandike wenyewe fomula ya chuma cha tatu, yaani aliyetoa elektroni tatu, na kloraidi. Akapita kati ya madawati na kuona FeCl₃, FeCl₃, FeCl₃, na kwa mtu mmoja tu Cl₃Fe, ambaye jirani yake alishaanza kumsahihisha. Zilikuwa zimebaki dakika tano.

"Mwalimu," akasema Somoe, "na kloraidi ikinyang'anywa ile elektroni, jina la zamani linarudi?"

Jibu lilikuwa jepesi na Consolata alilijua. Lakini mwaka uliotangulia, kwa miezi mitatu, yeye alikuwa Mama Imani. Homa ikamchukua mtoto kwa siku mbili. Baada ya msiba watu wakaanza kumwita Consolata kama zamani, mama yake, wakwe, majirani, hata Jerome. Walidhani wanamwondolea uchungu. Kumbe walikuwa wanamwondolea na mtoto.

"Halirudi," akasema.

Kornelio akainua kichwa. Consolata aliona kalamu ikiandika, akajua imeandika nini. Akashika chaki kwa mikono miwili.

"Nimekosea. Andikeni vizuri, mtihani utawauliza. La klorini linarudi. Ikinyang'anywa elektroni, inakuwa klorini kama mwanzo." Kisha akaongeza, "La mtu ndilo halirudi."

"Kweli," akasema Somoe, akiandika. "Bibi yangu mtoto wake alikufa zamani, hata sisi hatukumwona. Bado ni Mama Hussen."

Kengele ikagongwa.

Ofisini, walimu wengine wakiwa wanakunywa chai, Kornelio alimwekea fomu ya tathmini juu ya meza.

"Mfano wa ndoa ulikuwa mbovu," alisema, "ila uliuacha kwa wakati, na watoto wamejifunza. Kwa lile kosa la 'halirudi' nimekukata alama tatu."

"Ni haki yako, mkufunzi."

"Umefaulu."

Consolata akashusha pumzi. Alitegemea kufurahi, lakini akavuta kiti tu, akaketi.

Kornelio hakumpa kwanza kalamu ya kusaini. "Lile la pili, la mtu. Lilikuwemo kwenye andalio lako?"

"Halikuwemo."

"Nilidhani hivyo. Mtoto anaitwa nani?"

Hakusema aliitwa. Consolata alilisikia hilo.

"Imani."

"Haya, Mama Imani," Kornelio akamsogezea fomu na kalamu, "weka saini yako hapa."

Mwaka mzima na miezi miwili hakuna mtu aliyemwita hivyo. Akaweka saini, ikaenda upande. Machozi yakamtoka palepale mbele ya walimu wote, wala hakuyafuta.