Mashine Mbili

Mume wangu alikuwa katikati ya neno umeme ulipokatika. "Mwambie Mama asi..." alisema, na sentensi ikabaki hapo. Mdomo wake ulikuwa wazi, macho yake yakinitazama kwenye kioo kilichofungwa juu ya kichwa chake.

Ilikuwa saa tisa alasiri. Upepo uliokuwa ukilaza mahindi tangu adhuhuri ulikuwa umeangusha nguzo mahali fulani, na lile pafu la chuma lililokuwa likimsaidia mume wangu, Ota, kupumua, pipa refu la rangi ya maziwa lililommeza kuanzia shingoni hadi nyayoni, likanyamaza. Kwa wiki tatu nilikuwa nimeuchukia mngurumo wake.

"Mpini! Upande wa miguuni!" alipiga kelele Nesi Lindquist. "Vuta, sukuma! Mara kumi na sita kwa dakika, na msisimame!"

Jenereta ya hospitali ilikuwa imegoma kuwaka. Mama mkwe alinitangulia kuufikia mpini. Bozena alikuwa na miaka sitini na minne, mfupi, mwenye mabega ya mtu aliyekamua ng'ombe maisha yake yote. Tukaushika pamoja. Ukivuta, hewa inaingia mwilini mwa mgonjwa, ukisukuma, inatoka. Tulivuta. Midomo ya Ota, ambayo ilishaanza kuwa ya zambarau, ikarudiwa na damu.

Mwaka ule wa 1952 kila mtu Nebraska aliogopa polio. Bwawa la kuogelea lilifungwa. Sinema ilikataza watoto. Jumamosi lori lilipita likimwaga moshi wa dawa ya wadudu, nasi tukafungua madirisha ili uingie vizuri. Fundi redio aliweka televisheni dirishani kwake, na watu walisimama barabarani kuitazama, kila mmoja hatua mbili mbali na mwenzake. Ota aliucheka woga ule. Alikuwa amerudi kutoka vita vya Pasifiki bila mkwaruzo.

Lakini si yeye aliyesema twende mtoni siku ya sikukuu ya uhuru, mwezi wa Julai. Ni mimi. Nilichoshwa na joto, nilichoshwa na kufungiwa. Mama mkwe alisimama mlangoni, mikono imejaa unga wa kolachi, maandazi ya Kicheki, akatuambia, "Msiende kwenye maji yale." Tukaenda. Siku kumi baadaye Ota alishindwa kuinua kijiko. Tangu siku hiyo mama yake hakunitamkia neno. Tulipanda gari moja kwenda hospitali, tukakaa upande huu na huu wa mashine. Yeye akimsemesha mwanawe kwa Kicheki, mimi nikiwa kama sipo.

Sasa tulikuwa uso kwa uso, vidole vyetu vimegusana kwenye chuma.

Chumbani kulikuwa na mashine ya pili. Ndani yake alilala Orpha Tillman, msichana wa miaka ishirini aliyekuwa akiunganisha simu katika mji mmoja wa mbali, magharibi. Wazazi wake waliweza kuja Jumapili tu, na ile ilikuwa Jumanne. Nesi Lindquist alimvutia mpini peke yake. Wauguzi wengine wote walikuwa ng'ambo ya ukumbi, kwenye chumba cha watoto, ambako kulikuwa na mashine tano.

Nusu saa ikapita. Kisha saa nzima. Migongo ilitutoka jasho hadi magauni yakaganda mwilini. Ota alipata pumzi ya kutosha kusema, kila neno likitoka tuliposukuma.

"Vlasta... taratibu... Unanijaza... kama mpira."

Nilicheka, na kicheko kikageuka kilio, na mkono wangu ukapoteza mwendo. Mama mkwe aliushika mpini kwa nguvu zaidi hadi nikarudi.

Ndipo nikasikia mashine ya pili ikipunguza kasi. Nesi Lindquist alikuwa mwembamba kama ufagio. Viganja vyake vilikuwa vimechubuka, mpini umelowa damu. Alivuta, akasita. Alivuta, akasita. Orpha hakuweza kuita. Alikuwa akitugeuzia macho tu, na uso wake ukizidi kuwa wa kijivu.

Mama mkwe aliachia mpini wetu.

"Mama!" nikasema. "Mama, usiniache!"

"Wewe unazo nguvu. Yule hana mtu."

"Huyu ni mwanao!"

"Najua ni nani, nilimzaa mimi. Vuta, Vlasta."

Hayo ndiyo maneno ya kwanza aliyoniambia tangu Julai. Alivuka chumba, akamsogeza nesi kwa bega, wakaanza kuvuta pamoja. Kwenye kioo, Ota alimfuata mama yake kwa macho hadi alipotoka kwenye fremu.

Nilibaki na mume wangu peke yangu. Sijui kama nilifikisha kumi na sita. Pengine zilikuwa kumi na mbili. Pengine kumi. Mabega yaliwaka moto, kisha yakafa ganzi, na nikavuta kwa kujirusha nyuma mwili mzima. Ota hakusema tena. Aliitunza pumzi.

Na mimi, nikiwa pale, nilimwombea Orpha Tillman afe. Sisemi nilipitiwa na wazo baya. La, niliomba, kwa maneno, kwa jina lake, afe upesi ili mama arudi upande wetu. Niliomba hivyo kwa kila nilipovuta.

Wazima moto sita walifika saa kumi na moja kasorobo, wakatuondoa mikono kwenye mipini kidole kimoja kimoja. Wagonjwa wote wawili walikuwa hai.

Ota alifariki siku kumi na moja baadaye, kwa homa ya mapafu. Nilimuuliza daktari kama ilitokana na alasiri ile. Akasema hapana. Nikamuuliza tena kesho yake, akasema hapana tena. Mama mkwe hakuuliza. Tuliishi nyumba moja miaka iliyofuata, tukapika, tukakamua, tukasema yale ya lazima.

Orpha alikuja kwetu mwaka wa 1955, majira ambayo watoto walikuwa wakipangishwa foleni shuleni kuchanjwa polio. Alikuwa na vyuma miguuni na magongo mawili. Mama mkwe alimlisha kama mtu aliyetoka jela. Nami nilikaa mbali, karibu na jiko.

"Sikuwaona vizuri siku ile," Orpha alisema. "Niliona vivuli tu. Lakini najua mlinipigania nyote wawili."

Nilimtazama mama mkwe. Alikuwa akifuta meza mahali palipokuwa safi.

"Sikukupigania mimi," nikasema. "Nilikuwa upande wa mume wangu."

"Hilo nalo najua, dada. Nilikusikia ukimwita mama asikuache." Akatabasamu kidogo. "Hata mimi ningemwita."

Alipotaka kuondoka, bawaba ya goti kwenye chuma cha mguu mmoja ilikataa kujifunga, akanyoosha mikono kwangu. Nikamshika kwapani nikamwinua. Akasimama ameniegemea, mzito kuliko nilivyodhani, akitafuta magongo yake, na mbavu zake zikapanda na kushuka viganjani mwangu, zenyewe.