Kadi ya Bluu

Mama alikuwa na mtoto mmoja tu, tena wa kuomba kwa machozi, lakini hospitali ilikuwa na watoto wake watatu. Utaratibu wa masjala ulikuwa kadi moja, ugonjwa mmoja, na karani wa pale hapindishwi hata kwa moto. Basi binti akawa na kadi ya manjano ya usonji, ya kijani ya kutotulia na ya bluu ya kifafa, kila moja na namba yake na siku yake ya kliniki.

Mwanzoni mama alicheka. "Nimezaa mapacha watatu, uchungu wa mmoja," alimwambia dada yake. Kicheko kilimkauka pale binti, mwenye miaka saba na maneno ya kuhesabu, alipoanza kujibana ukingoni mwa kitanda kila alipolala, kama anayewapisha wenzake. Mama aliogopa, na hakumwambia mtu.

Asubuhi moja walifuata dawa ya kifafa. Nyumbani palikuwa pamebaki nusu kidonge, nacho binti alikimeza jana yake. Karani alipekua droo, akapekua tena.

"Pole sana, mama. Huyu wa bluu ameshafariki."

"Nani kafariki? Si huyu hapa nimemshika mkono!"

"Huyo ni wa manjano, nilimwona Jumanne. Wa bluu hakutokea kliniki mara tatu. Asiyetokea mara tatu tunamhesabu marehemu."

"Mliipanga kliniki ya bluu na ya manjano siku moja, saa moja!"

"Utaratibu ni msumeno, mama."

"Msumeno ndio uliomkata mwanangu vipande vitatu! Nipe dawa, baba, nakusihi. Bila dawa ataanguka."

"Dawa ya marehemu sitoi. Fungua kadi mpya, usubiri miezi mitatu."

Mama akalia mbele za watu, wala hakuona haya. Binti alikuwa akitazama nafasi tupu kando yake, pale ambapo hapakuwa na mtu.

"Hajafa," alisema taratibu. Hakuwahi kusema neno hilo maishani mwake. "Anakuja."

Kisha mkono ukamponyoka mama, na binti akaanguka sakafuni, macho yamegeuka, mwili mzima ukimtikisika. Mama alimlaza ubavu, akamkinga kichwa kwa viganja vyake, akapiga kelele aitwe daktari.

Karani aliinuka, akachungulia juu ya meza. Mkononi alikuwa na kadi mbili, ya manjano na ya kijani.

"Aliyeanguka ni yupi?" aliuliza.