Suruali za Fundi

Kusema uongo kwa mdomo kulimchosha, basi Fundi akaamua kudanganya kwa cherehani. Kila suruali ilipoanza kumpwaya alijifungia katika chumba cha kushonea, akaipunguza kiunoni, akaipiga pasi na kutoka kifua mbele kama bwana harusi. Mkewe akimtazama anaona nguo imemkaa sawasawa, roho yake inatulia.

Saratani ilikuwa kooni. Kila siku ya kazi Fundi alikwenda hospitali kupigwa mionzi, amelala chali, uso umefunikwa barakoa ya plastiki iliyofinyangwa kwa sura yake na kubanwa kitandani ili kichwa kisisogee. Mionzi ilikuwa inafanya kazi, lakini koo lilibabuka, na kumeza mate tu ilikuwa shughuli. Uji aliopelekewa chumbani aliumwaga dirishani. Mtaalamu wa lishe, ambaye wagonjwa walimbatiza Mama Kilo kwa ajili ya mzani wake, alimweleza bila kumung'unya maneno: kwa umri wake, mwili ukiisha, nafasi ya kumaliza tiba na kupona nayo inakwisha. Akashauri awekewe mpira mwembamba wa chakula, wa kupita puani hadi tumboni. Fundi akasema atafikiria. Nyumbani akasema uzito uko vilevile.

Ukweli ni kwamba aliogopa. Aliwaona wenye mipira ile kwenye benchi akajiambia hao wameshakwisha. Yeye akae na mpira puani mbele ya wajukuu? Bora njaa. Ukaidi wa mtu mzima nao ni ugonjwa, tena hauna kidonge.

Barakoa ndiyo iliyomuumbua. Asubuhi moja dada wa mionzi alimfunika, akapitisha kidole kati ya plastiki na shavu, kikapita bila kugusa popote. Akamwita daktari. Kichwa kikicheza mle ndani, mionzi itachoma mahali pasipo na uvimbe. Tiba ikasimamishwa mpaka atengenezewe barakoa nyingine, na daktari akatoka nje kumweleza mkewe kwamba mzee bado hajakubali mpira wa chakula, na akiendelea kukonda, hata hiyo mpya haitafaa, na uvimbe hautawasubiri.

Walipofika nyumbani mkewe alifungua kabati, akageuza suruali moja ndani nje, akaona mshono juu ya mshono. Akakaa kwenye kiti cha cherehani, akachukua wembe na kuzifumua zote. Fundi alisimama mlangoni, moyo unamuuma kuona kazi safi ikiharibiwa. Kisha akapewa moja avae. Ikateremka hadi magotini.

"Sasa nakuona," mkewe akasema kwa sauti ya chini. "Mume wangu, mimi sikutaka kudanganywa vizuri. Nilitaka tuendelee kuzeeka wote wawili."

Fundi alishika suruali kwa mikono miwili, machozi yakamtoka. "Naogopa ule mpira. Nikiuvaa, wataona nimekwisha."

"Na mimi naogopa. Kesho tunakwenda."

Mpira uliingia kwa kikohozi na machozi, kisha ukazoeleka. Mkewe alijifunza kuinua bomba la sindano na kumimina maziwa polepole, kisha maji ya kuusafisha. Wajukuu walishangaa siku ya kwanza. Ya pili wakagombania nani amimine. Mzani wa Mama Kilo ukaacha kushuka, halafu ukapanda kidogo. Barakoa mpya ilimbana mashavu mpaka ikamwachia alama, naye akafurahi. Akamaliza mionzi yote. Daktari hakuahidi miaka. Alisema uvimbe umenywea na mwili una nguvu ya kupambana.

Koo lilipopona mpira ukatolewa, na mkewe akampikia supu ya viazi iliyopondwa laini. Kwa muda mrefu ulimi wa Fundi ulikuwa hautambui ladha yoyote. Alimeza kijiko kimoja, akatulia. Akameza cha pili. Mkewe alisimama pembeni, hata kupumua hapumui.

"Chumvi imezidi," Fundi akasema.

"Kama imezidi, kesho ingia jikoni upike mwenyewe. Miguu unayo."

Fundi akamtazama. Tangu augue hakuna aliyemjibu hivyo katika nyumba ile. Wote walimsemesha taratibu, kama mtu anayeaga. Furaha ikampanda. Akavuta bakuli akaendelea kula, na mkewe akaendelea kumgombeza.