Ndege wa Sita

"Kwani mkamwana wako amesahau kuhesabu?"

Jirani yangu, nan Eulalia, maana kwetu mama wa makamo huitwa nan, aliniuliza hivyo Jumanne moja mchana, amesimama barazani kwangu, kidole chake juu ya nguo iliyokuwa ikifumwa. Alikuwa amekuja kuomba makaa ya moto. Nikatazama alipoonyesha. Ndege watano wa kwanza walikaa sawa, bawa kwa bawa. Wa sita shingo yake ilikuwa imepinda, kama aliyeanguka kutoka juu.

Micaela, mkamwana wangu, alikuwa amepiga magoti mbele ya nyuzi. Ncha moja ya nyuzi ilifungwa kwenye nguzo, nyingine kwenye mkanda wa ngozi uliomzunguka nyonga, chini ya tumbo la miezi sita. Ndivyo tunavyofuma. Ukiegemea nyuma nyuzi zinakaza, ukiinama zinalegea. Mwili ndio unaofanya kazi.

"Nitamfumua, nan," akasema, bila kugeuka.

Nguo ile haikuwa ya mtu. Ilikuwa ya Bikira Maria wa kanisani petu, ambaye kila mwaka huvishwa vazi jipya siku ya sikukuu yake, na mwaka ule zamu ilikuwa ya nyumba yangu. Niliiomba zamu hiyo tangu alipofariki Bartolo, mume wangu, nikaingoja miaka kumi na mmoja. Ilipofika, vidole vyangu vilikuwa vimeshapinda, haviwezi tena kuinua uzi mmoja mmoja. Basi kazi ikawa ya Micaela. Zilibaki siku tisa.

Watu husema miezi ya katikati ndiyo miezi ya raha. Ni kweli, kichefuchefu kilimwacha mwezi wa nne, akawa anakula maharage kama mwanamume aliyetoka kulima. Mwezi wa tano mtoto akacheza. Siku hiyo aliweka chini bakuli la uji wa mahindi, akaushika mkono wangu akauweka tumboni, tukakaa hivyo mpaka uji ukapoa. Mstari mweusi ukashuka kutoka kitovuni. Alfajiri misuli ya miguu ilimkaza, nikawa namkanda huku analia na kucheka. Kiungulia, mgongo, kwenda haja ndogo kila mara, yote hayo nilimwambia mapema. Nimezaa sita, nikazika wawili. Nilidhani najua kila kitu.

Juma lililotangulia mikono yake ilivimba. Pete aliyovishwa na mwanangu Ventura kabla hajashuka kwenda kuvuna kahawa ikakataa kutoka. Kisha uso ukavimba. Kisha kichwa kikamuuma siku tatu. Nikasema ni baridi imemwingia, maana kwetu mwenye mimba akiugua, baridi ndiyo hulaumiwa kwanza. Nikawasha moto kwenye kijumba cha mvuke nyuma ya nyumba, nikamlaza ndani na majani. Alitoka ameshika ukuta. Nikampa kitu cha moto anywe, kisha nikamrudisha kwenye nyuzi. Mungu anisamehe. Micaela alishanisamehe.

"Mimba si ugonjwa," alisema Eulalia. "Wangu wa tatu nilimzaa njiani nikitoka kuchota maji. Nikambeba, na mtungi nikaubeba."

"Ndiyo maana mpaka leo anatembea upande," nikamwambia.

Akacheka hadi akakohoa. "Haya, nicheke. Lakini huyo ndege, we! Bikira avae kuku aliyenyongwa? Wenzetu wa kanisani watakutafuna mzima mzima."

Micaela akaanza kufumua. Nilikuwa nimechoka, na mtu aliyechoka hutazama tu. Nikaona kidole chake kinapapasa. Kikaupita uzi mwekundu, kikarudi, kikaupita tena.

"Huuoni, mwanangu?"

"Nauona, mama. Umefunikwa na cheche tu."

"Cheche gani?"

"Kama za kuni zinapopasuka. Tangu jana. Zikitulia naendelea."

Hapo nikakumbuka. Mkunga wetu, nan Dominga, alisema mwezi wa nne, akinawa mikono kwenye beseni lile lile lililokuwa pale barazani: akivimba uso, kichwa kikikataa kutulia, akiona vimulimuli, msiniite mimi, wala msimtie kwenye mvuke. Mshusheni zahanati siku hiyo hiyo. Nami nikaitikia, ndiyo nan, ndiyo nan, kama mtu anayeitikia litania huku akifikiria chakula.

"Mbona hukuniambia?"

"Ulikuwa unasali, mama. Kila nikija unamwomba Bikira nguo iishe."

Hakusema kwa kejeli. Alisema kama mtu anayekujulisha kwamba maji yameisha.

Eulalia aliacha kucheka. "Gari la bondeni linapita saa tisa," akasema. "Usingoje lingine."

Kwetu, mume akiwa safarini, mkamwana haendi kwa daktari mpaka mama mkwe atoe neno. Neno nilikuwa nalo mdomoni. Lakini nikaitazama nguo, nikalitazama jua. Ilikuwa bado saa nane.

"Tutakwenda," nikasema. "Mnyooshe huyu mmoja tu, asikae hivyo. Kisha twende."



Micaela akanitazama. Sijui aliniona vipi katikati ya cheche zake. Akapeleka mikono nyuma, ile mikono iliyovimba, akafungua mkanda. Nyuzi zote zikalegea kwa pamoja, na ndege wakalala sakafuni. Akaishika nguzo, akainua goti moja, akapumzika, akainua la pili. Eulalia akaweka chini kigae chake cha makaa, akamshika kwapani.

Mwaka mzima aliokaa kwangu, Micaela hakuwahi kuvuka kizingiti bila kusema, "Naomba njia, mama." Nilisubiri aseme, nimpe. Akaondoa mtandio wake msumarini, akajifunika mabega, akatoka kwenda kungoja gari, bila kuniomba njia.