Nyama na Mimi

Bibiana alimpikia fundi mitambo wa Kihispania katika shamba la mkonge nje ya Tanga. Siku moja fundi alimwambia, "Te quiero," akamfafanulia kuwa maana yake ni nakupenda. Bibiana aliyapokea kama maneno ya posa.

Jumapili walikuja wageni. Fundi, mafuta ya nguruwe yakimchuruzika kidevuni, akapaza sauti, "Quiero más carne!"

"Maana yake nini, bwana?" Bibiana aliuliza.

"Nataka nyama zaidi."

"Na mimi uliponiambia 'te quiero'?"

Fundi akacheka huku akilamba vidole. "Kitenzi ni kilekile. Kutaka, kupenda."

Wageni nao wakacheka. Bibiana akavua aproni, akaibwaga mezani, akashika njia ya kwao Makorora.