Mlango wa Madume Mawili

Jamani, kaka yangu Mtoro kaniaibisha! Na si mie tu, Bagamoyo nzima inacheka, tangu forodhani mpaka kwa wapagazi walioingia jana kutoka bara. Soko lenyewe hawajalijua liko wapi, lakini kisa cha mlango wanacho.

Ngoja nianze pa kuanzia, maana nikiwa na habari nasema ovyo.

Kaka Mtoro na mwenzake Mwishehe ni mafundi wa milango ya nakshi. Wamechonga pamoja miaka sita, na kazi yao inapendwa kwa sababu moja ambayo wenyewe hawaitaji: wifi yangu Mwanvita, mke wa Mtoro. Yeye ndiye anayechora. Hukaa juu ya ubao wa mbambakofi na kaa, kipande cha mkaa, akachora mayungiyungi, minyororo, samaki, mkono hauinuki. Wao hufuata tu kwa patasi. Halafu wapita njia wanasema, "Mashallah, mkono wa Mtoro huo!" na Mtoro anaitikia, kama vile kaa alilishika yeye.

Mwezi wa Rajabu akaja Bwana Alawi, tajiri wa Pangani mwenye kuuza sandarusi, ule utomvu wa miti, kajenga nyumba ya mawe hapa kwetu. Akataka mlango. Akasema ukimpendeza, kule Pangani ana nyumba nne zinangoja milango, na mafundi watakwenda na wake zao wakae mwaka mzima.

Wifi aliposikia Pangani, kaa likamtoka mkononi. Mamake yuko huko, hajamwona mwaka wa nne huu, na barua ya mwisho ilisema macho ya bibi yule yamekwisha, anamjua mtu kwa kumpapasa uso. Barua hiyo niliisoma mie, maana mie nimehitimu chuo cha Kurani na nusu ya mtaa nawasomea barua zao. Wifi akaniambia, "Mardhiya, nataka anipapase angali hai."

Basi. Mlango mmoja tu uwe mzuri. Ungedhani ni jambo gumu?

Sasa sikiliza upumbavu wa wanaume wazima. Mlango una pande mbili, dume na jike. Dume ndilo lenye mfaa, ule mti wa nakshi unaosimama katikati na kuziba ufa. Jike huja likalala nyuma yake. Na mlango huitwa kwa jina la aliyechonga dume. Miaka yote sita dume la Mtoro, jike la Mwishehe, wala hakuna aliyekufa. Ila safari hii Mwishehe akasema barazani, watu wote wanasikia, "Mke wa Mtoro si mie, yuko nyumbani kwake. Mie jike sichongi tena."

"Kwani mkono wako unauweza mfaa?" akajibu Mtoro. "Mkono huo wa kuparia samaki?"

Wifi akawaambia, "Kaeni mwelewane, nanyi ni watu wazima." Akazichora pande zote mbili, akauchora na mfaa juu ya ubao, akauacha karakanani. Mwishehe akauchukua. Mtoro kuona umechukuliwa, akauchonga wa kwake kwa kukumbuka. Wakatia pazia la makuti katikati ya karakana, huyu asimwone yule. Wifi akiuliza, wote wawili: "Tumeelewana." Kumbe kila mmoja anangoja mwenzake alegee siku ya mwisho!

Siku ya mwisho ikafika, Alhamisi asubuhi. Bwana Alawi huyo, kanzu imepigwa pasi. Nikamwamkia, akaitikia vizuri. Pande zikatiwa kwenye miimo. Wakasukuma huku, wakasukuma huku. Mfaa ukagonga mfaa. Ngo!

Katikati pakabaki pengo, mbuzi anapita na mwanawe.

Bwana Alawi akatazama pengo, akawatazama wao. "Wa kufungua huu nauona," akasema. "Nilitaka na wa kufunga."

"Auondoe wake huyo," akasema Mwishehe.

"Nife kwanza!" akasema Mtoro.

Mie nataka kucheka, nataka kulia. Bwana Alawi akashika pindo la kanzu, akageuka. "Mafundi hata Pangani wako."

Hapo ndipo wifi alipotoka uani. Akachukua nyundo ya mumewe mwenyewe, akaugonga mfaa wa Mtoro kwa chini, ko, ko, ko, vigingi vikachomoka, mfaa ukaanguka chini.

"Mwanvita! Unanivunjia kazi mbele ya watu?"

"Nimevunja yako kwa sababu wewe ni wangu," akasema. "Ya shemeji sina haki nayo."

Akausukuma mlango. Ukafunga, hata unywele haupiti. Yungiyungi la upande huu likakutana na la upande ule, kama yameota pamoja. Bwana Alawi akarudi, akapitisha kiganja juu yake polepole.

"Nani kachora?"

Mafundi wangu wanatazama miguu yao! Mwisho Mwishehe akanyoosha kidevu kidogo upande wa wifi, kama mtu anayeng'olewa jino.

"Milango minne naitaka," akasema Bwana Alawi. "Lakini nataka mtu mmoja wa kumuuliza."

"Niulize mimi," akasema wifi. "Milango miwili dume la Mtoro, miwili dume la Mwishehe. Na nani anaanza, nitasema mimi."

"Nimekubali, shemeji," akasema Mwishehe.

Mtoro akafura. "Mie siendi kuamrishwa na mke wangu mwaka mzima."

"Kaka," nikamwambia, "miaka sita hii ulikuwa unaamrishwa na nani?"

Akanitukana. Wifi akamwambia tu, "Ruhusa ya kwenda kwa mama ulinipa mwaka juzi. Nimekwisha kufunga mzigo."

Leo Jumamosi msafara wa Bwana Alawi umeondoka kwa njia ya pwani. Mtoro siku mbili kanuna, hali. Watu walipoanza kutembea, akatokea na mfuko wa patasi begani.

"Mlango wa kwanza dume la nani?"

"La Mwishehe," akasema wifi, wala hakugeuka. "Na kile kikapu kibebe taratibu, kina halua ya mama."

Akakibeba! Kichwani! Hakuniaga, na asiniage.