Mbwa Asiyetaka Salamu

Kipande cha mkono wa shati la Muindi kilikuwa kikining'inia kwenye meno ya mbwa wangu Meja, na Muindi mwenyewe, mzee wa kanisa, mtu wa heshima zake, alikuwa amepanda juu ya ukuta wa maua akishikilia kiwiko.

"Wamalwa! Nilikuja kukuombea, sikuja kuliwa!"

Nilivuta mnyororo nikamwambia Meja akae. Akakaa. Hilo ndilo lililonichoma zaidi. Alikaa upesi, masikio juu, kama mwanafunzi aliyetoa jibu sahihi na sasa anangoja kusifiwa.

Muindi hakuwa wa kwanza. Kabla yake aliumwa fundi wa mabomba, na kabla ya fundi, shemeji yangu aliyetoka Bungoma na kuku mkononi. Kuku hakuguswa. Kosa lao lilikuwa moja: walininyooshea mkono kunisalimu, nami nikaupokea. Wachuuzi walipita langoni, paka walitembea juu ya ukuta, Meja akawatazama tu. Ningekuwa na mbwa anayeuma wezi ningejivuna. Wangu aliuma watu wenye adabu.

"Baba Job," mke wangu aliniambia jioni ile, akiwa amemaliza kumsafisha Muindi kidonda na kumsindikiza kliniki kudungwa sindano, "Jumapili mtoto anakuja. Umfungie huyo mnyama bafuni."

"Nyumba yangu haitampokea mtu kwa kilio cha mbwa bafuni."

"Basi itampokea kwa meno?"

Job alikuwa hajaingia nyumba hiyo kwa miaka minne. Mimi nilisoma usiku, baada ya zamu kiwandani, mtaa wa Baba Dogo, macho yakiwa mekundu kwa vumbi la pamba, na vyeti vyangu viko ukutani sebuleni hadi leo. Yeye nilimsomesha mchana. Akaacha uhasibu kwenye mwaka wa mwisho, akafungua duka la kinyozi kwenye msongamano wa mtaa wa Huruma. Nilimwambia maneno ambayo baba humwambia mwana mara moja tu. Naye, akiwa na begi begani, akanijibu, "Papa, wewe hujui kufundisha. Unajua kuamrisha tu."

Kwa hiyo nilitaka amkute Meja amefundishika.

Nilinunua kitabu cha kulea mbwa kwa wauza vitabu wa barabarani, nikakisoma huku kamusi ikiwa kando. Kilisema mnyama hupewa kitu kitamu kila anapoona kile kinachomkera. Nikanunua matumbo, nikayachemsha, nikayakata vipande. Muoki, jirani yangu dereva, alikubali kuwa mgeni. Alivaa koti la ngozi na glavu za pikipiki, akawa anaingia langoni kila jioni akisema, "Habari ya jioni, mzee?" huku mkono umenyooka. Meja alikula matumbo kwa utaratibu mzuri. Kisha akaikamata glavu.

"Huyu anapokea mshahara na bado anagoma," alisema Muoki.

Sally, msichana wa nyumba ya pili, alikuwa akitutazama akianika nguo. "Buda, hiyo dogi yako ni noma! Ipeleke Huruma kwa watu wengi wiki moja tu, itarudi ikisalimia watu."

Nilimwambia ashughulike na nguo zake. Nilikuwa nimechoka. Nilimpigia Meja kelele, nikambembeleza, nikamnyima chakula cha usiku, kisha nikaamka kumpelekea. Hakuna lililosaidia. Niliwahi kuzitengeneza mashine za kufuma zilizowashinda mafundi wa kigeni, na sasa nilikuwa nashindwa na kichwa cha mbwa kisichozidi ukubwa wa nazi.

Siku ya Ijumaa simu yangu ililia ndani, nikampa mke wangu mnyororo. Niliporudi mlangoni, Muoki alikuwa ameshikana naye mkono, wanaulizana habari za watoto. Meja alipiga miayo.

"Mama Job," Muoki alisema, akivua glavu, "mbwa wako hana shida. Sijui mwenye shida ni nani."

Nilirudi kwenye kitabu. Kilisema kwamba mbwa husikia kupitia mnyororo kile ambacho kinywa cha bwana wake hakisemi. Nikakifunga. Waandishi wa Ulaya wanajua nini kuhusu mtaa wetu wa Buruburu? Lakini tuliporudia zoezi, nilijitazama. Muoki aliponyoosha mkono, mkono wangu wa kushoto uliuzungusha mnyororo kwenye kifundo cha mkono, ukakaza. Sikuwa nimeuagiza.

Jumapili Job alisimama langoni. Alikuwa amenenepa kidogo, akinukia spiriti ya kinyozi.

"Mulembe, papa," alinisalimu kwa lugha yetu. Akanyoosha mkono.

Mkono wangu wa kushoto ukaanza kuzungusha. Nguo ya suruali yangu ikatetemeka kwa mngurumo wa Meja. Niliutazama mkono wa mwanangu ukikaa hewani, kisha vidole vikianza kujikunja, na nikajua anachofikiri: miaka minne, na mzee bado ananinyima mkono.

"Si wewe," nikasema.

"Ni nini basi?"

"Naogopa."

"Unamwogopa mbwa wako?"

"Naogopa kushikwa mkono."

Nilingoja acheke. Hakucheka. Alikaa kwenye ngazi, mbali kidogo, akauliza tangu lini. Basi nikamweleza habari ambayo sikuwa nimemweleza mtu. Kwamba Meja akiwa mdogo wa kubebwa kwapani, nilitoka naye jioni, kijana nadhifu akanijia akisema, "Mzee wangu, umenisahau?" Nikampa mkono, hakuuachilia. Mwenzake akanikaba shingo kutoka nyuma. Walichukua simu, wakampiga mtoto wa mbwa teke, wakanivua viatu. Nilirudi nyumbani na soksi tu.

"Na mama?"

"Nilimwambia viatu nimempa maskini."

Huko jikoni mwiko ulinyamaza. Mke wangu akatokea mlangoni.

"Viatu vile vya kahawia? Na mimi nikakutolea ushuhuda kanisani! Watu wakapiga makofi!"

Job alicheka sasa, kicheko cha kujishika mbavu, na Meja akasimama akabweka. Nilitaka kumkemea. Kabla sijafungua kinywa Job aliinuka, akaja upande wangu, akaanza kuufungua mnyororo kwenye kifundo changu, mzunguko baada ya mzunguko, polepole, kama mtu anayemvua mtoto sweta. Meja alitutazama wote wawili akinguruma, asijue aanze na nani.

"Leta," Job alisema.

Nikampa. Akamburuta hadi bafuni, akafunga mlango.

Meja alilia muda wote tuliokuwa mezani. Aliukwaruza mlango, akapumzika, akaanza upya. Mke wangu aliongeza ugali, Job akauliza kama chumvi ipo, nikamsogezea. Ilibidi tuongee kwa sauti kubwa ili tusikizane.